Mhimili mmoja au varakta: nini kifae kuongozea redio?

Kila anayeunda au kufufua redio hapa Lamu hukutana na swali lilelile: saketi za kunasa stesheni ziongozwe pamoja na kapasita za mabamba (yanayozungushwa kwa nobu) zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, au na daiodi za varakta, zifanyazo kazi ileile ya kapasita kwa kubadilishiwa volti?

Kwa bei varakta hushinda, kwani kapasita za mabamba zimekuwa adimu, na nyingi huchomolewa katika redio mbovu. Kwa uthabiti, mhimili ukishalinganishwa ili osileta, saketi inayozalisha mawimbi ndani ya redio yenyewe, ibaki kilohezi 455 juu ya masafa ya stesheni, hauyumbishwi na betri inayochoka, ilhali varakta hudai volti iliyodhibitiwa vyema, la sivyo stesheni huhama yenyewe.

Matunzo ndiyo mzozo wenyewe. Hewa ya chumvi huacha ungaunga mweupe juu ya mabamba ya alumini na kuchafua springi inayogusa mhimili, hata redio ikakwaruza kila nobu inapozungushwa. Spiriti kidogo na brashi laini husaidia, mradi mabamba yasipindwe. Varakta haina mabamba ya kuliwa na chumvi, ingawa potenshiometa (kikinzani cha kuzungusha) inayoiongoza huchakaa vilevile, jambo ambalo naona husahauliwa mno.

Mwenye redio ya zamani ya mawimbi ya kati asiung'oe mhimili ulio mzima. Anayeunda mpya, naye ana umeme thabiti, varakta itamfaa zaidi.