Tairi za matope kwa gari la kazi: ipi kwanza, ipi mwisho

Wengi wakifika dukani huangalia kashata tu, yaani vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi. Mimi huanza na maandishi ya ubavuni. Ukiona LT235/85R16 120/116Q, herufi LT zinamaanisha tairi ya gari dogo la mizigo, na 120 ni uwezo wa kubeba kilo 1,400 kwa kila tairi. Q ni mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, ambao kwenye matope hauna kazi. Ukibeba zana na watu watano, usishushe namba ya mzigo hata kama kashata zinavutia.

Ya kwanza kwangu ni M/T (mud terrain, tairi ya matope) nyembamba, kama saizi hiyo hapo juu. LT265/75R16 ina kimo karibu kilekile ila ni pana zaidi kwa sentimita 3. Penye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini, nyembamba hukata mpaka ikapata pa kushika, wakati pana inaelea na kuteleza. Pana hushinda kwenye mchanga, au tope lisilo na chini. Kashata za M/T zimeachana sana, kwa hiyo tairi ikizunguka hutema tope na mapengo yanabaki wazi. BFGoodrich KM3 na Maxxis Bighorn ni za kundi hili. Kasoro zake uzijue mapema: zinavuma kwenye lami, zinakula mafuta, na breki za ghafla lami ikilowa zinahitaji umbali zaidi.

Ya pili ni R/T (rugged terrain), iliyo kati ya M/T na A/T. Pembeni inafanana na M/T, katikati kashata zimebanana. Kama sehemu kubwa ya siku yako inaishia lami, ipandishe iwe ya kwanza.

A/T (all terrain, ya barabara za kila aina) ni ya tatu. Changarawe inaiweza vizuri, lakini kwenye mfinyanzi mapengo huziba baada ya mizunguko michache, na hapo umevaa andazi. Kukanyaga mafuta kunachimba shimo tu.

Mwisho kabisa ni zile kubwa kupita saizi ya gari. Zinagusa madigadi ukikata kona na kuchosha beringi. Ukitoka inchi 31 kwenda 33, spidomita ikisoma 100 unakwenda kama 106. Kwa kupiga picha, sawa.

Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na DOT, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2423 ni wiki ya 24 ya mwaka 2023. Niliwahi kuuziwa nne zilizong'arishwa, nyeusi tii, kumbe zina miaka sita. Hata msimu wa mvua haukuisha, nyufa zikaanza kwenye mizizi ya kashata.

Tena nunua tano, si nne. Spea yenye kimo tofauti, ukiifunga huku foo-wili imeshikwa, inakamua gia, na pancha hutokea palepale unapoihitaji foo-wili.