Warner Archive na wenzake: geuza diski kwanza

Ukipokea DVD ya filamu ya zamani kutoka Warner Archive, mpango wa studio ya Warner wa kuuza filamu za ghalani mwake, usianze na jalada. Toa diski, igeuze, itazame chini ya taa. Ikiwa ya rangi ya fedha, imechapwa kiwandani kama DVD yoyote ya dukani. Ikiwa ya zambarau, imechomwa, moja moja, baada ya oda kuingia. Mtaani CD ya kuchoma ni biashara ya kijana mwenye kompyuta na rundo la makava ya fotokopi. Hapa anayechoma ni studio yenyewe ya Hollywood, yenye negativu, yaani mikanda ya asili, za filamu hiyo ghalani, na bei aliyoanza nayo ilikuwa dola 19.95.

Mpango huu ulizinduliwa Machi 2009 kwa filamu 150, na wazo lenyewe halina ubaya. Ghala la Warner ni kubwa mno: mbali na filamu zake, limerithi za studio za MGM, hadi katikati ya miaka ya 1980, na RKO, ambazo tajiri wa televisheni Ted Turner alizikusanya kabla kampuni yake haijachukuliwa na Time Warner mwaka 1996. Filamu ya 1934 isiyo na jina kubwa haina wanunuzi wa kutosha kujaza kontena, na kuchoma kwa oda kunaondoa hofu ya mzigo kulala. Kwa hiyo tatizo si kuchoma. Tatizo ni kile kinachochomwa.

Kila diski hutolewa kwenye masta, yaani nakala-mama. DVD nyingi za mwanzo za Warner Archive zilitolewa kwenye masta za mikanda ya video zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni au VHS, enzi ambazo runinga ilikuwa ya inchi 21 na kisogo kirefu. Kwenye skrini ya leo ya inchi 55 mkanda huo hauna pa kujificha. Weusi unageuka kijivu, mikwaruzo haijasafishwa, picha inatikisika kidogo kila kipande cha filamu kinapobadilika, na mtu akikimbia utaona kingo zake zimechanika kama meno ya kitana. Hayo ya kitana usiyatafutie dawa kwenye runinga, yameshaganda ndani ya masta.

Nyuma ya kava studio huandika kwamba imetumia chanzo bora kilichopatikana. Isome sentensi hiyo kwa macho ya mwanasheria. Maana yake ni bora kati ya vilivyokuwa tayari kabatini siku ile, wala hakuna aliyetumwa ghalani kufungua makopo ya negativu. Pale kazi mpya ilipofanyika kava husema wazi, kwa utepe wenye neno Remastered. Kava lisipokuwa na utepe huo, chukulia unanunua mkanda wa zamani uliovishwa nguo ya DVD.

Mengine yanayokosekana ni ya aina ya uvivu. Menyu ni kitufe cha kuanza filamu, basi. Sura, yaani vituo vya kurukia ndani ya filamu, hazikuwekwa kwa kufuata matukio, zimekatwa kila dakika 10, hata katikati ya wimbo. Maandishi ya mazungumzo chini ya picha mara nyingi hayapo, na hili linamuumiza msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya nyumbani: waigizaji wa miaka ya 1930 wanaongea kwa kasi ya cherehani, na sauti ya wakati ule ina mvumo wa kukaanga samaki. Na kuna onyo dogo kwenye kava linalopitwa na wengi: diski hizi zimekusudiwa deki za kuchezea tu, huenda zikagoma kwenye kompyuta au kwenye mashine zinazorekodi. Kwa hiyo mwenye tabia ya kuangalia filamu kwenye laptopu asije akalalamika baadaye.

Kuna pia hesabu ya nafasi. Diski ya kuchomwa ya tabaka moja inabeba GB 4.7. Filamu ya saa mbili ikijazwa humo inapata wastani wa megabiti 5 hivi kwa sekunde, sauti ikiwemo. Kwa filamu ya dakika 70 ya rangi nyeusi na nyeupe hiyo inatosha. Kwa filamu ndefu ya rangi yenye moshi, mvua au umati wa watu, picha itavunjika vunjika vijisanduku.

Bado Warner ni muungwana ukimlinganisha na jirani yake. Studio ya Fox ilipoanzisha diski zake za kuchoma kwa oda mwaka 2012, chini ya jina Fox Cinema Archives, ilifanya jambo ambalo wakusanyaji hawajalisamehe. Filamu zilizopigwa kwa CinemaScope, picha yenye upana wa 2.35 au hata 2.55 kwa kimo cha 1, zilitolewa kutoka masta za televisheni zilizokatwa hadi 1.33. Piga hesabu: kwa 2.35 unapoteza asilimia 43 ya picha, kwa 2.55 karibu nusu. Watu wawili wakiongea kila mmoja pembeni mwa chumba, unaona kochi tupu lililo katikati, au kamera bandia inayoruka kutoka pua moja kwenda nyingine. Na CinemaScope aliileta sokoni Fox mwenyewe, mwaka 1953! Fundi aliyebuni shati la mikono mirefu analiuza limekatwa mikono. Filamu za Fox za kabla ya 1953 hazina hatari hiyo, kwa sababu zilipigwa zikiwa karibu na mraba tangu awali. Za baada ya hapo, kama hujaona picha halisi ya skrini iliyopigwa na mnunuzi mwingine, acha. Tangu Disney iinunue Fox mwezi Machi 2019 sijaona dalili ya mtu kurudi kurekebisha aibu hiyo.

Sasa sifa, maana zipo na ni kubwa. Novemba 2012 Warner Archive ilianza kutoa Blu-ray, na hapo hadithi inabadilika kwa sababu ya kiufundi kabisa. Fremu ya DVD ya Marekani ni pikseli 720 kwa 480, jumla 345,600. Ya Blu-ray ni 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600, yaani mara sita. Mkanda wa video wa zamani hauwezi kujaza nafasi hiyo hata ukiubembeleza. Studio inalazimika kurudi kwenye filamu yenyewe, kuiskani upya, kuisafisha na kuipanga rangi. Blu-ray zao huchapwa kiwandani, nyingi kwenye diski za tabaka mbili za GB 50, na data haibanwi ovyo kama ya washindani wanaotumia diski ya tabaka moja kuokoa senti. Maandishi ya Kiingereza yapo. Chembechembe za filamu zimeachwa zikiwa hai, nyuso hazijapigwa pasi mpaka zikafanana na nta.

Pa kupimia ubora wao ni Technicolor ya mikanda mitatu, iliyotumika kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya 1950. Kamera yake ilirekodi mikanda mitatu ya rangi nyeusi na nyeupe kwa wakati mmoja, mmoja wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa bluu. Miaka ikipita kila mkanda unasinyaa kwa kiasi chake. Ukiibandika pamoja bila kuilinganisha, nyekundu inaponyoka nje ya midomo na kofia nyeupe inaota mstari wa kijani. Kipimo chepesi: simamisha picha kwenye majina ya mwanzo, tazama kingo za herufi nyeupe. Kwenye DVD ya zamani utaona kivuli cha rangi. Kwenye Blu-ray nzuri ya Warner Archive, iliyoskaniwa kutoka mikanda yote mitatu na kulinganishwa kwa kompyuta fremu kwa fremu, herufi zimekaa kama zimekatwa kwa wembe.

Ndiyo maana kilio cha wakusanyaji kina uzito. Studio zinajua kazi inavyofanywa, zina mafundi, zina negativu, kisha zinaachia filamu chache kwa mwezi huku maelfu zikisubiri. Studio ya Universal ndiye mfano unaokera zaidi: mbali na zake anashikilia filamu 700 hivi za Paramount za 1929 hadi 1949, zilizonunuliwa mwaka 1958 na MCA, kampuni iliyokuja kuimiliki Universal, na kwa miaka mingi nyingi kati ya hizo hazikuonekana popote. Afadhali siku hizi anazikodisha kwa kampuni ndogo kama Kino Lorber na Criterion, ambazo hutengeneza diski kwa heshima. Hata filamu yenye jina haina kinga. The African Queen, iliyopigwa Kongo na Uganda mwaka 1951, yenye hadithi ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ya 1914 na iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee, haikuwa na DVD rasmi Marekani hadi Machi 2010. DVD zenyewe ziliingia soko hilo 1997. Miaka 13!

Na usidhani diski ya fedha ni salama moja kwa moja. Mwaka 2025 Warner ilikiri kwamba baadhi ya DVD zake zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2008 zinaharibika zenyewe zikiwa kabatini, bila kuguswa. Miaka hiyo ndiyo Warner ilikuwa inatoa maboksi yake mazuri ya filamu za zamani, kwa hiyo wenye makabati yaliyoshiba ndio walioumia. Dalili: diski inaanza vizuri, halafu karibu na katikati ya filamu, pale leza inapohama tabaka ukingoni, picha inaganda au deki inarudi kwenye menyu. Usiridhike kucheza dakika tano za mwanzo, peleka mbele hadi nusu, kisha hadi mwisho, kila diski ya boksi. Tazama pia upande wa data kama una ukungu wa maziwa. Studio ilisema itabadilisha inapowezekana, ila kwa filamu ambazo haina tena haki nazo au hazitengenezwi tena, unapewa nyingine ya thamani hiyo hiyo. Kwa mkusanyaji aliyekuwa akitafuta filamu fulani, hiyo ni kama kupoteza ng'ombe ukapewa mbuzi wa bei ileile.

Diski za zambarau zina udhaifu mwingine: data imeandikwa kwenye wino unaochukia jua na joto. Dar, Mombasa au Muscat, zisimamishe wima ndani ya kava, mbali na dirisha, na usizisahau kwenye gari.

Kwa anayeagiza kutoka nje: studio zimeigawa dunia kwa kanda, na deki hukataa diski iliyofungwa kanda nyingine. Kenya na Tanzania ziko kanda ya 5 ya DVD, Oman na Ulaya ya 2, Marekani ya 1. Deki nyingi za DVD hufunguliwa kanda zote kwa namba za rimoti. Blu-ray ni shughuli nyingine. Sote, Afrika, Ghuba na Ulaya, tuko kanda B, na deki ya kawaida haifunguliwi kwa rimoti. Blu-ray za Warner Archive kwa kawaida hazina kufuli la kanda, hivyo zitacheza. Za Kino Lorber nyingi zimefungwa kanda A na zitakutolea ujumbe wa kukataa. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray, hazina kanda, lakini Blu-ray inayowekwa nazo boksi moja inaweza kuwa nayo. Ukichagua toleo la DVD la Ulaya badala ya la Marekani, kumbuka hukimbizwa kwa fremu 25 kwa sekunde badala ya 24: filamu ya dakika 120 inaisha kwa dakika 115, na sauti ya mwimbaji inapanda kidogo.

Alama: Blu-ray za Warner Archive 9 kati ya 10. DVD zao za kuchoma zenye utepe 6, zisizo na utepe 3, na hizo ni kwa filamu usiyoweza kuipata kwingine. Fox Cinema Archives ya baada ya 1953, sifuri mpaka uione picha.