Nzige, nyenje au mende? Uzoefu wangu wa miezi sita na wadudu wa kulishia kinyonga

Wadudu ninaowapima hapa ni wale wanaouzwa hai hapa Uingereza, ama dukani kwenye makopo ya plastiki ama kwa posta moja kwa moja kutoka kwa wanaowafuga. Kopo moja ni kama pauni 2 hadi 4. Vinyonga wanaokula ni wawili: jike wa Yemeni mwenye kilemba kirefu kichwani, na dume wa Jackson, yule wa pembe tatu ambaye nasaba yake inaanzia nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru. Wote wawili wamezaliwa kizimbani. Anayesoma akiwa nyumbani Afrika Mashariki asichukue hii kama ruhusa ya kumtoa kinyonga kwenye ua wa shamba na kumfungia ndani. Biashara ya vinyonga hawa baina ya nchi inabanwa na mkataba wa CITES, na sheria za wanyamapori za nchi zetu nazo zipo.

Niseme mapema ninakosimama. Msingi wa chakula kwangu ni mende wa Dubia, nzige wanafuata, na wengine wote wanaingia kwa zamu. Sababu haiko kwenye jedwali la virutubisho peke yake. Mdudu ni mfuko, na kinachomfikia kinyonga ni kile mfuko ulichobeba saa ile anapotafunwa. Kwa hiyo mdudu bora ni yule anayekubali kukaa hai kwako siku mbili akila vizuri. Hapo ndipo nyenje wanaposhindwa.

Tuanze na kalsiamu, kwa kuwa ndiyo inayoua. Kilo moja ya nyenje wakubwa ina takriban gramu 0.4 za kalsiamu na karibu gramu 3 za fosforasi, yaani moja kwa saba. Mabuu wa unga, wale wa njano wenye ngozi ngumu, wana hali mbaya zaidi: gramu 0.17 kwa 2.85, moja kwa kumi na saba. Kinyonga anahitaji kalsiamu isiyopungua fosforasi, na ikifika mara mbili yake ni bora zaidi. Ikipungua kwa muda mrefu, mwili unaichota kwenye mifupa. Dalili zinakuja polepole: mkono unaopinda anaposhika tawi, taya linalobonyea, ulimi unaotoka nusu na kuishia njiani. Anayelisha nyenje watupu bila kuwashibisha kwanza chakula kizuri wala kuwapaka unga wa kalsiamu anaelekea huko, hata kama kizimba chake ni kizuri namna gani.

Mdudu pekee kati ya wanaouzwa sana anayepindua hesabu hiyo ni funza wa nzi askari mweusi, yule ambaye wafugaji wa kuku Kenya na Tanzania wanamjua kama BSF. Kilo yake ina kalsiamu zaidi ya gramu 9 kwa fosforasi gramu 3.5 hivi. Nilipoanza niliwachukulia kama jibu la kila kitu. Tatizo ni kwamba kalsiamu hiyo nyingi iko kwenye ngozi, na asiyetafunwa vizuri hupita mzima. Chunguza kinyesi: ukiona ganda la kahawia lenye pingili zake zote, virutubisho vyake vimepita tu. Nachagua wenye rangi ya maziwa, ambao ngozi yao bado laini, nawatoa watano au sita kwa mlo mara moja kwa wiki, na wanaogeuka weusi nawaacha kwenye chupa yenye tundu hadi watoke nzi. Nzi hao ni chakula kizuri ajabu. Hawaumi, hawakai jikoni kutafuta mabaki, na kinyonga aliyelala uvivu wiki nzima anaamka kuwawinda. Usiwatie kwenye friji ya kawaida. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha kuwachelewesha. Na mwenye BSF waliolelewa kwa taka za sokoni asiwatumie. Kuku na kinyonga si mnyama mmoja, na hujui taka zile zilibeba nini.

Mende wa Dubia asili yao ni Amerika ya Kusini, hawana uhusiano na wale wa kabati la vyombo. Hawapandi plastiki laini, jike hana mabawa ya kurukia, hawapigi kelele, na hawanuki ukiwasafisha. Kalsiamu yao ni ndogo kama ya wengine, lakini wanakula kila unachowapa na wanaishi miezi mingi. Ninao kwenye boksi la sentimita 40 kwa 30, trei za mayai zimesimamishwa wima ili kinyesi kidondoke chini, mkeka wa joto ubavuni, thamostati kwenye nyuzi 30. Wakipoa chini ya 25 wanaishi ila hawazai. Ukitaka wazae, jike huzaa watoto hai, 20 hadi 40 kwa mkupuo, na mtoto huchukua miezi minne au zaidi kukua, hivyo usianze kuwalisha kinyonga kabla kundi halijashika. Kasoro yao moja: ukiwaweka kizimbani wanajichimbia chini ya chungu na hutawaona tena. Wape kwenye kikombe cha kulishia chenye kuta laini, kilichofungwa usawa wa tawi analokaa kinyonga.

Nzige ni kinyume chake. Mdudu huyu hupanda kuelekea mwanga, na huko juu ndiko kinyonga aliko. Kwa kinyonga aliyechoka kikombe, nzige mmoja akitembea kwenye kijiti anatosha kuyafanya macho yale mawili yaelekee mbele pamoja. Wanauzwa kwa hatua za ukuaji. Mimi natumia ya tatu kwa Jackson na ya nne kwa Yemeni. Wakubwa wenye mabawa nawaepuka kwa sababu miiba ya miguu ya nyuma inakwaruza mdomo. Wanataka ukavu. Kopo likishika mvuke ndani, asubuhi utakuta nusu wamelala chali.

Hapa ndipo malalamiko yangu kwa muuzaji mmoja wa posta yalipo. Boksi mbili za Januari zilifika na nzige wengi wamekufa, kwa sababu mfuko wa joto ulibandikwa moja kwa moja kwenye kopo: waliokuwa karibu nao walikauka, wa upande wa pili walikufa baridi. Mfuko wa joto unatakiwa ukae kwenye kifuniko cha boksi la nje, na karatasi katikati. Alirudisha hela bila ubishi. Tangu hapo naagiza mwanzoni mwa wiki ili mzigo usilale ghalani Jumamosi na Jumapili, na nikiona utabiri wa barafu nasubiri.

Nyenje nawapa nyota mbili. Wana protini ya kutosha na bei yao ni ndogo, lakini wanakufa haraka, wananuka, wanalana wakikosa maji, na wasipoliwa humtafuna kinyonga usiku akiwa amelala. Usiache hata mmoja taa zikizimwa. Wale wa kijivu wa zamani wamepungua pia kwa sababu ya kirusi kilichofagia mashamba ya nyenje Ulaya na baadaye Marekani, ndiyo maana makopo mengi sasa yana nyenje wa aina nyingine. Ukiwatumia, wape kipande cha karoti au jeli ya maji badala ya sahani. Wanazama kwenye maji yasiyofika hata kina cha kucha.

Sasa kazi yenyewe, kushibisha. Mdudu anapofika amekaa siku kadhaa na pumba na kipande cha karoti kilichonyauka. Mshike mmoja juu ya taa: nzige mwenye njaa tumbo lake limebonyea na linapitisha mwanga, nzige aliyekula tumbo ni duara na ukijani unaonekana kati ya pingili. Huyo wa pili ndiye unayemlisha kinyonga. Kati yao ni saa 24 hadi 48 za chakula kizuri.

Majani ninayoyaamini kuliko yote ni sukuma wiki. Ina kalsiamu nyingi na oksaleti kidogo (chumvi za majani zinazoishika kalsiamu), na wadudu wote wanaila. Majani ya haradali yanafuata. Mchicha na spinachi, pamoja na sifa zake zote mezani kwetu, hazifai kuwa chakula cha kila siku cha wadudu hawa, kwa kuwa oksaleti zake huifunga kalsiamu isitumike. Juu ya majani naongeza boga, karoti au kiazi kitamu cha njano kilichokwanguliwa, na chungwa kwa mende, ambao hulimaliza hadi likabaki ganda tupu. Mchanganyiko mkavu nausaga mwenyewe: shayiri, alfalfa, poleni ya nyuki na spirulina kidogo. Chakula cha mbwa au paka usiwape mende. Protini ikizidi hugeuka asidi ya yuriki wanayoihifadhi mwilini, na hiyo inaingia kwa kinyonga. Ukinunua unga wa kushibishia wenye kalsiamu nyingi, utumie siku moja au mbili za mwisho tu, maana ukiendelea nao wiki nzima wadudu wenyewe wanaanza kufa.

Baada ya kushibisha unakuja unga wa nje. Tia wadudu watatu au wanne kwenye kikombe, ongeza chembe ya kalsiamu isiyo na vitamini D3, tikisa mara mbili. Wanatakiwa wafanane na chapati iliyokung'utwa unga: weupe wa kuonekana kwa mbali, rangi ya mdudu ikibaki. Wakiwa weupe kama mandazi ya sukari umezidisha, na kinyonga wengi hukataa. Walishe papo hapo, kwa kuwa nyenje hujisafisha. Kalsiamu tupu ni kila mlo. Multivitamini yenye D3 na vitamini A ni mara mbili kwa mwezi kwa Yemeni, na kwa Jackson mara moja inatosha chini ya taa nzuri ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua. Jamii hii ya milimani haivumilii vitamini nyingi. Ikizidi, maji hujaa shingoni na mabegani, unaona kola laini iliyovimba. Ukiona hivyo simamisha unga wa vitamini na uende kwa daktari wa reptilia. Upungufu wa vitamini A nao una sura yake: macho yaliyovimba au yanayofumbwa mchana, na ulimi unaokosa shabaha.

Walio zamu. Viwavi wa hariri nawapenda kuliko bei yao. Mafuta yao ni kama asilimia 1, ngozi laini, na maji zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo ni chakula cha kinyonga anayepona au jike aliyetoka kutaga. Wanakula majani ya mforosadi au uji mzito uliotengenezwa kwa majani hayo. Vidole vyenye maji vinawaua. Matone yakionekana kwenye kifuniko, futa. Akigeuka mweusi, mtupe yeye na chakula alichogusa. Viwavi wa tumbaku ni maji matupu, karibu asilimia 85, wa rangi ya bahari kwa sababu chakula chao cha kiwandani hakina rangi ya majani. Wanakua kwa kasi ya kutisha: kwenye joto la chumba, siku kumi zinatosha kuwapitisha saizi ya mdomo wa Yemeni. Nyuzi 13 huwapunguza mwendo. Wale wa shambani kwenye nyanya au tumbaku ni sumu, usiguse.

Mabuu wa unga, mabuu wakubwa weusi kichwa na viwavi wa nta ni vya kubembelezea tu. Kiwavi wa nta ana robo nzima ya uzito wake mafuta. Kinyonga akimzoea anagoma vingine, na kumrudisha kunachukua wiki. Wadudu wa bustanini nawaacha kwa sababu ya dawa za jirani, na kimulimuli usimpe kabisa. Ana sumu inayoweza kuua mjusi kwa mmoja tu.

Saizi: mdudu asizidi upana wa kichwa cha kinyonga kati ya macho. Kiasi ndipo wengi wanapoharibu kwa upendo. Mtoto anakula kila siku mpaka aache. Jike mzima wa Yemeni anapata wadudu watatu au wanne, siku tatu kwa wiki, basi. Hutaga hata bila dume, na akishibishwa mno mayai yanaweza kupita 60, akachoka au yakamkwama tumboni. Kwa chakula cha kiasi anabaki kwenye 20 na kitu. Lisha asubuhi, taa ikiwa imewaka saa moja au mbili, apate joto la kusagia chakula.

Agizo langu la mwezi kwa wawili hawa sasa ni mende 40 wa sentimita 2, makopo mawili ya nzige, kopo moja la BSF, viwavi wa hariri kumi wanapopatikana, na viwavi wa tumbaku sita. Sukuma wiki nainunua kabla boksi halijafika.