Kabati la ukutani Arusha na Moshi: kazi umpe fundi yupi

Kabati la kusimama unaweza kulinunua popote, ukaliingiza chumbani, likakaa. La ukutani, linalotengenezwa kwa kipimo cha chumba na kufungwa ukutani, lina masharti yake. Ukuta uliopigwa lipu kwa mkono huwa umelala kidogo, kona haiko mraba, dari la jipsam limeshuka upande mmoja na sakafu ina mwinuko alioacha fundi vigae. Kwa hiyo sikupanga orodha hii kwa ubora wa mbao wala kwa uzuri wa picha za kwenye simu ya fundi. Nimeipanga kwa swali moja: anayekuja kupima ndiye atakayetengeneza na kufunga? Kazi hizo tatu zikigawanywa kwa watu watatu, siku kabati likigoma kuingia hutampata mwenye kosa.

Nafasi ya kwanza nampa fundi mwenye karakana ndogo ambaye bodi zake anazikatisha kwa mashine. Awe wa Ngarenaro kule Arusha au wa Pasua kule Moshi, anapima mwenyewe, anaandika vipimo vya kila kipande, anavipeleka kwenye duka la bodi lenye mashine ya kukata na kubandika utepe wa kingo, kisha anakuja kuunganisha nyumbani kwako. Unapata ukataji ulionyooka ambao msumeno wa mkono hauwezi kuufikia, na bado kuna mtu mmoja wa kumwuliza. Utamtambua mapema. Anakuja na futi kamba na pima maji. Anapima upana chini, katikati na juu, halafu anafanyia kazi kipimo kidogo kuliko vyote. Anauliza soketi iko wapi, mlango wa chumba unafungukia upande gani, na nguo zenyewe ni zipi. Magauni marefu na kanzu zinahitaji sentimita 150 hivi chini ya bomba la kutundikia, mashati yanatosheka na 100, vitenge na kanga zinataka rafu. Asiyeuliza lolote atakutengenezea kabati la mteja wake aliyepita.

Mwombe akuonyeshe kazi yake ambayo imeshatumika mwaka mmoja au miwili. Vuta droo, funga na kufungua milango, kisha inama utazame kingo za chini. Hapo ndipo MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inapofia. Sisi tunadeki kwa maji mengi, na bodi hiyo ikishanyonya maji inavimba wala hairudi. Fundi anayeijua kazi huliinua kabati juu ya kitako cha sentimita 10, cha tofali na vigae au cha mbao ngumu, na huacha nafasi ya hewa nyuma kama ukuta unapakana na bafu. Jambo hili moja kwangu lina uzito kuliko rangi ya bodi na vitasa vyote vya dukani.

Nafasi ya pili ni kampuni za fenicha zenye mashine kubwa. Umaliziaji wao ni safi, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, unapata, na kama unajenga nyumba nzima, vyumba vinne na jiko, wanaweza kubeba kazi yote kwa pamoja. Bei huwa juu zaidi, na aliyekuchorea mara nyingi si aliyetumwa kufunga. Sharti lako liwe hili: mkuu wa wafungaji aje aone chumba kabla bodi haijakatwa.

Ya tatu ni fundi wa mbao tupu, yaani mbao za mti wenyewe bila bodi, na hapa naandika kwa moyo mzito, kwa sababu kabati la mninga lililotengenezwa vizuri litarithiwa. Angekuwa wa kwanza kama mbao zingekuwa zinakaushwa. Mninga wa misitu ya miombo, kama ule wa upande wa Tabora, ni mti mtulivu: ukishakauka haujipindi ovyo, na mkongo hali kadhalika. Kwetu huku kilicho karibu ni saipresi na paini za mashamba ya West Kilimanjaro, pamoja na grevilea inayokatwa kwenye mashamba ya kahawa. Hizi si mbao mbaya. Tatizo ni kwamba mara nyingi zinafika benchini zikiwa bado mbichi. Fundi anazipiga randa leo, anazifunga kesho, na jua la Januari la Moshi linazimalizia kukauka zikiwa tayari ni mlango wako. Mlango unapinda, nyufa zinatokea, na fundi anasema ni hali ya hewa. Muulize mbao zimekaa kivulini muda gani, zikiwa zimepangwa kwa vijiti vya kupitisha hewa. Kama ana kipima unyevu, lengo ni asilimia 12 hivi. Milango mipana ya mbao tupu iwe ya paneli, na paneli, ule ubao wa katikati ya fremu, ikae ndani ya mfereji bila gundi ili iweze kutanuka na kusinyaa. Paini iwe imetiwa dawa ya mchwa. Mninga uwe na risiti ya duka, maana mbao halali za msituni husafirishwa kwa kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu.

Fundi wa benchi kando ya barabara, anayekata kila kitu kwa mkono, namweka nafasi ya nne. Mpe rafu za stoo, kabati la viatu, meza. Ana bei nzuri na anahitaji kazi. Ukuta mzima wa chumba cha kulala usimpe mpaka umeona amewahi kuufanya.

Ya mwisho ni kununua kabati lililo tayari kisha kuziba mapengo kwa vipande vya bodi. Linafaa kwa mpangaji anayehama.

Sasa hesabu, kwa sababu bei zinatofautiana sana hata baina ya mafundi wa mtaa mmoja. Bodi moja ya futi 8 kwa 4 ni sentimita 244 kwa 122, nayo inatoa vipande viwili vya kina cha sentimita 60, kinachotosha henga kukaa vizuri. Chukua kabati la upana wa futi 8 na kimo cha futi 8, lenye sehemu tatu. Mbao za wima nne zinakula bodi 2, chini na juu bodi 1, milango bodi 2, rafu sita bodi 1, droo bodi 1. Jumla ni bodi 7 za milimita 18, na 2 nyembamba za mgongo. Ukiandikiwa 11, mwombe aeleze kipande kwa kipande. Rafu ya MDF isizidi sentimita 90 bila nguzo, la sivyo itabonyea kwa uzito wa mablanketi.

Pesa ya vifaa ilipie mwenyewe dukani, bodi na bawaba na reli za droo zije kwa jina lako. Advansi kubwa mkononi mwa fundi mara nyingi humalizia kazi ya mtu mwingine. Ufundi ulipwe kwa awamu, na muandikiane: mchoro wenye vipimo, aina na unene wa bodi, tarehe, saini zenu na shahidi, hata akiwa mjumbe wa nyumba kumi. Kwa Moshi ongeza jambo moja. Desemba watu wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, na kila mwenye nyumba Machame au Marangu anataka kazi iishe kabla ya Krismasi. Agiza Agosti. Nyumba mpya ipe muda lipu na rangi zikauke, na usifunge kabati katikati ya masika.

Awamu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mwako wiki mbili baada ya kufunga. Jaza nguo, fungua na ufunge kila siku, kisha mwite aje akaze bawaba zilizolegea na anyooshe milango inayosuguana. Akishamaliza, mlipe siku hiyohiyo.