Tahadhari: muuzaji wa detekta "za baharini" jijini Dar es Salaam

Ninawatahadharisha wote wanaofikiria kununua detekta, yaani mashine ya kutambua vyuma, kwa ajili ya kutafuta vitu ufukweni, kwa kuwa mwezi uliopita nimeuziwa mashine bandia na mtu anayejitangaza mtandaoni kuwa ana duka Kariakoo, na hadi leo shilingi 950,000 nilizomlipa hazijarudi. Jina lake silitaji kwa sababu shauri liko polisi na RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, nimekwisha kuchukua, lakini mbinu zake nitazieleza jinsi zilivyo.

Mimi na rafiki yangu huenda Coco Beach alfajiri ya Jumatatu, maji yakiwa yanatoka, kwa kuwa umati wa Jumapili huacha mchangani sarafu, funguo, hereni na, tusidanganyane, vizibo vya soda visivyo na idadi. Mwenzangu ana detekta yake ya siku nyingi. Mimi nilikuwa mbeba koleo na chekeche, na baada ya mwaka mzima wa kumchimbia mwenzangu nikaona nami nitafute yangu.

Muuzaji alitukutanisha mgahawani kwa madai kwamba dukani wanahesabu mali. Alitoa mashine kwenye boksi lenye nembo ya kampuni maarufu ya Australia, akaweka sarafu ya shilingi 200 juu ya meza ya mbao, akapitisha sahani ya mashine, ile sehemu ya chini inayotambua chuma, juu yake, ikalia vizuri kabisa. Alituapia kwamba ni ya baharini na haiingizi maji. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, aliahidi kuileta kesho yake, na nilipotaka kulipa kwa simu likatokea jina la mtu mwingine, akasema ni la shemeji yake. Rafiki yangu alinikanyaga mguu chini ya meza. Nililipa.

Jumatatu iliyofuata, kwenye mchanga mkavu, mashine ilijitahidi kidogo. Tuliposhuka kwenye mchanga uliotoka kuachwa na maji, ilianza kupiga kelele mfululizo, na nilipoipunguza nguvu ikanyamaza kabisa. Tukafukia sarafu ileile ya shilingi 200 kina cha shibiri moja: ya mwenzangu iliitambua kila ilipopita, yangu haikusikia chochote hadi tulipoifukua sarafu na kuigusisha kwenye sahani. Nilipofungua kifuniko cha betri sikukuta mpira wa kuzuia maji, na ile namba ya mashine iliyobandikwa kwa stika ni ileile iliyoonekana kwenye picha za mashine nyingine tatu katika matangazo yake.

Ieleweke kwamba mashine ya bei nafuu kusumbuka kwenye mchanga wa bahari si lazima iwe utapeli. Sahani hutoa mawimbi ya sumaku na chuma huyajibu, lakini maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, hivyo mchanga uliolowa hujibu kana kwamba ni chuma, na ndiyo maana mashine za baharini hutumia masafa kadhaa ya mawimbi kwa wakati mmoja au mapigo mafupi ya umeme. Utapeli ni kuuza ya nchi kavu, tena yenye nembo ya kughushi, kwa jina la baharini. Jaribio la mezani halithibitishi lolote. Mwambie muuzaji mkutane ufukweni maji yakiwa yametoka, na akikataa usitoe fedha.

Nilipodai fedha yangu alinipa "ofa" ya kuongeza shilingi 600,000 nipate kifaa chenye antena mbili kinachoonyesha dhahabu iliyo mita 30 chini ya ardhi. Vifaa vya namna hiyo havifanyi kazi. Mwingereza James McCormick aliiuzia Iraq vya kutafutia mabomu, vyenye antena vilevile na visivyo na chochote cha maana ndani, na mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga miaka 10.

Namba yake ya simu nimeiripoti kwa kutuma neno "utapeli" kwenda 15040, na mashine yenyewe ninaipeleka Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia. Kwa sasa anatangaza kwa jina jipya, ila picha hajabadilisha: boksi la njano juu ya kitambaa chekundu cha meza, na pembeni sarafu ya shilingi 200.