Kung Fu: The Next Generation (1987): uzoefu wangu na jaribio lisilopata mnunuzi

Kama unaitafuta kwa ajili ya Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, itazame. Kama unamtaka Caine wa zamani, shujaa wa tamthilia ya Kung Fu, yule wa kutembea peku jangwani na mfuko begani, humu hayumo. Ni kipindi kimoja tu cha majaribio, yaani cha kuushawishi mtandao wa televisheni ununue tamthilia nzima, kisichofika saa nzima ukitoa matangazo. Mtandao wa televisheni wa Marekani, CBS, ulikirusha tarehe 19 Juni 1987 katika CBS Summer Playhouse, pale walipokuwa wakionyesha majaribio yaliyokosa mnunuzi.

Hadithi imehamishwa kutoka Marekani ya karne ya 19 hadi California ya miaka ya themanini. David Darlow ni mjukuu wa Caine mwenye jina lilelile, Kwai Chang. Brandon, wakati huo ana miaka 22, ni Johnny, mwanawe aliyejiingiza kwenye uhalifu. Mwaka uliotangulia alishacheza Chung Wang kwenye Kung Fu: The Movie, akipambana na David Carradine mwenyewe, yule Caine wa awali. Anavuta macho kila anapoingia. Darlow ametulia mno, hata baba anakosa uzito mbele ya mwanawe.

Lakini kilichokiangusha kipindi hiki, kwa maoni yangu, si waigizaji. Tamthilia ya 1972 hadi 1975 ilikuwa na injini: Caine amemuua mpwa wa mfalme wa China, anawindwa, na huku anamtafuta ndugu yake Danny. Kwa hiyo hawezi kutulia. Kila wiki mji mpya, watu wapya, dhuluma mpya. Akikwama, kumbukumbu inamrudisha kwenye hekalu la Shaolin kwa mwalimu Po, kipofu, na fundisho la kule linafungua fumbo la huku. Injini hiyo ilizalisha vipindi zaidi ya 60. Sasa hapa baba ana makazi, na mwana akishaacha uhalifu, wiki ya pili tunatazama nini? Jaribio linatakiwa kumwonyesha mnunuzi kipindi cha ishirini kitakuwaje. Hili linaishia kwenye ugomvi wa baba na mwana.

Ulinganishe na Kung Fu: The Legend Continues ya 1993. Wazo ni lilelile kabisa: mjukuu wa Caine, mwanawe, jiji la kisasa. Ila Carradine amerudi, na mwana ni mpelelezi wa polisi, kwa hiyo kesi zinamfuata kazini. Ikadumu misimu minne.

Nakala niliyotazama imetolewa kwenye mkanda wa VHS. Weka picha kwenye uwiano wa 4:3, ule wa runinga za zamani. Ukiiacha ijaze runinga pana, miili inavimba na mateke yanaonekana mazito. Ukiona mistari kama meno ya kitana kwenye ncha za ngumi, bonyeza D ukiwa kwenye VLC, programu ya kuchezea video. Na usianzie hapa: tazama kwanza filamu ya 1972 iliyofungua tamthilia, kisha ile ya 1986, ndipo uje kwa Johnny.