Kiboko wa Otacilia yuko safi, swala wa Gallienus kaja bila miguu

Nimeagiza sarafu tatu za Kirumi zenye wanyama kwa muuzaji mmoja wa onlaini, nimekaa nazo wiki mbili sasa, nimezipima na kuziangalia kwa lenzi moja moja, kwa hiyo naweza kuongea.

Naanza na kiboko maana ndiye aliyenifanya nitoe hela. Ni sarafu ya Otacilia Severa, mke wa kaisari Philip Mwarabu, ya mwaka 248 pale Roma ilipotimiza miaka 1000 na Philip akafanya michezo mikubwa ya kuonyesha wanyama. Maandishi ya zamani yanataja viboko 6, ingawa aliyeandika alikuwa mpenda kutia chumvi. Jamani huyu mnyama kachongwa! Tumbo zito limening'inia, miguu mifupi, mdomo kaufungua kidogo, na yote hayo kwenye kipande cha upana wa sentimita mbili na kidogo tu. Chini yake kuna IIII, ndio namba ya karakana iliyoipiga, ya kwanza ilipewa simba, ya pili mbwa mwitu anayenyonyesha mapacha, wale Romulus na Remus wa hadithi ya kuanzishwa Roma. Yangu ina gramu 4.1 na fedha yake bado inang'aa kwenye mgongo wa kiboko. Kwa hii sina neno, ni kiboko kweli.

Shida ni swala wa kaisari Gallienus. Hizi za mwaka 267 na 268 watu wanaziita zuu ya Gallienus, kuna swala, chui, farasi mwenye mabawa, farasi wa baharini mwenye mkia wa samaki, kila mnyama na mungu wake wa kumlinda kaisari, swala ni wa Diana. Wakati huo hela ya Roma ilishaharibika, ni shaba iliyopakwa fedha nyembamba, na zilipigwa harakaharaka, chapa inakaa pembeni. Mimi nayajua hayo na nayakubali. Ila muuzaji kaandika hali nzuri sana, kumbe anasifia ndevu za Gallienus, yaani upande wa mbele wenye sura yake! Picha ya kichwa kubwa, ya nyuma ndogo na ina giza, imefika naona swala kakatwa magotini, miguu imeangukia nje ya sarafu. Sisi tunaokusanya wanyama huo upande wa nyuma ndio sarafu yenyewe, kichwa hata kikiwa kimefutika tunavumilia. Nimelalamika, kajibu baada ya siku nne, hela karudisha bila maneno mengi, hapo nampa haki yake.

Ya tatu ni VRBS ROMA, yaani Jiji la Roma, ndivyo ilivyoandikwa, ina mbwa mwitu na wale watoto wawili, juu nyota mbili, zilianza kupigwa 330 enzi za kaisari Constantine. Ziko nyingi mno, anayeanza aanzie hapa, ila achague ambayo watoto wanaonekana vichwa, kwenye nyingi wamebaki vinundu tu. Yangu wanaonekana, mmoja kanyoosha mkono juu kabisa kwenye ziwa la mbwa mwitu.

Ufungaji mzuri, kila moja na kikasha chake na uzito umeandikwa. Nampa nyota 4. Oda inayofuata ni faru mwenye pembe mbili wa kaisari Domitian, kile kisarafu cha shaba kisicho na sura ya kaisari kabisa, na nimeshamwambia kabla sijalipa anitumie picha ya faru, kubwa, na miguu yote minne ionekane.